Ng'ombe wa Mudaka na Miaka Miwili ya Lisansi

Sogea karibu, wewe mwenye diploma ya miaka mitatu juu ya kabati. Najua iko juu ya kabati kwa sababu yangu ilikaa hapo pia, imefungwa kwa plastiki kwa ajili ya paa linalovuja. Nitakueleza polepole jinsi nilivyotafuta pesa ya miaka miwili iliyobaki. Ukichoka, sema tupumzike. Mimi mwenyewe nimechoka tangu kabla ya kuanza, kwa hiyo hutanisumbua.

Kwanza tuelewane kuhusu diploma yenyewe, maana wengi wanapotelea hapo. Huku kwetu Bukavu, watu wa rika langu walisoma miaka mitatu wakapata gradua. Aliyeweza aliongeza miwili, akapata lisansi. Gradua inakupa chaki na darasa. Lisansi ndiyo inayokufungulia mlango wa masomo ya juu zaidi. Aliyesimama kwenye gradua anafanana na mtu aliyepanda kilima cha Bagira akaishia katikati: chini amekwisha kutoka, juu hajafika, na magoti yanauma vilevile.

Mimi nilisimama katikati kwa sababu baba alikufa nikimaliza mwaka wa tatu. Nikaanza kufundisha biolojia kwenye shule ya sekondari pale Bagira. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu. Nikaolewa na fundi wa kujenga, tukapata watoto, na ule mwaka mmoja ukazaa mingine bila kuniomba ruhusa.

Lakini nilikuwa na swali. Kazi yangu ya mwisho wa gradua ilihusu sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nilikuwa nawanunua sokoni Kadutu, nawapanga juu ya gazeti, nawapima mmoja mmoja. Nilitaka kujua kwa nini kila msimu walionekana kupungua urefu. Mwalimu aliyeniongoza aliniambia hilo ni swali la masomo ya juu: nitafute lisansi kwanza, halafu nirudi kwake. Mpaka leo siwezi kula sambaza bila kumgeuza kwenye sahani nimwangalie mkia. Mume wangu hucheka.

"Madamu, utasoma mupaka sambaza watakuita shangazi."

Basi siku moja nikaamua. Na hapa nikaanza vibaya, kama wengi wanavyoanza: nilianzia mwisho. Niliona kwenye simu tangazo la bursi, yaani ufadhili, ya masomo ya juu nje ya nchi. Waliandika kwamba wanataka mtu mwenye miaka mitatu ya chuo. Mimi ninayo mitatu. Nikajaza kila kitu, nikalipia picha, tafsiri na mihuri, nikangoja. Jibu lilikuja la adabu nzuri. Walisema kwamba, kwa sheria ya nchi yangu mwenyewe, diploma yangu ni ya katikati. Nikamilishe lisansi ndipo nirudi kuomba. Miaka mitatu ya wenzetu wa nchi nyingine imefika mwisho wa kitu. Yetu ilikuwa imefika nusu.

Nikauliza nani analipia hiyo lisansi. Niliuliza parokiani, nikaambiwa kwa upole kwamba msaada wao ni wa yatima wanaoanza chuo. Niliuliza kwa watu wa misaada, wakaniambia wao wanachukua watafiti. Benki sikuuliza. Mabenki ya mjini yalikuwa yamefunga milango kwa sababu ya vita, na mshahara wetu wenyewe tulikuwa tunautafuta kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Hapo nikaelewa jambo ambalo ningependa ulielewe mapema kuliko mimi. Pesa ya masomo iko mwanzoni na iko mwishoni. Katikati hakuna mtu. Katikati unavuka na watu wako.

Nilikwenda chuoni kumwona apariteri, yule anayeandikisha wanafunzi. Ni baba mmoja mwenye sweta ya kijivu, hainui sauti hata ukimkasirisha. Alitazama diploma yangu, akaifuta vumbi na mkono wa sweta, akanieleza kwamba mfumo wa zamani ulikuwa unafungwa. Mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kwa mtu wa gradua kuingia lisansi moja kwa moja, kwa miaka yake miwili. Baada ya hapo ningerudishwa nyuma, nianze kujaza masomo ya mfumo mpya, na hakuna aliyekuwa anajua itachukua muda gani. Minervali, ile ada ya chuo, inalipwa kwa vipande. Kipande cha kwanza kilikuwa lazima kiingie kabla ya Watakatifu Wote, sikukuu ya mwanzo wa Novemba.

"Ukikosa, madamu, si mimi nitakuwa nimekufukuza," alisema. "Mulango utakuwa umejifunga."

Nilishuka kutoka chuoni kwa miguu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, barabara ilikuwa tope jekundu, na mimi nilikuwa na rundo la insha za watoto ndani ya mfuko. Nakumbuka sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimechoka tu, ule uchovu wa kujua kwamba sasa kuna siku ya mwisho na huna tena kisingizio cha kungoja.

Mahali pa kwanza pa kukimbilia palikuwa likelemba yetu ya shuleni. Kama hujui, ni hivi: walimu wanawake tunaweka pesa pamoja kila mwezi, na kila mwezi mmoja wetu anabeba yote. Zamu yangu ilikuwa baada ya Pasaka. Zamu ya kabla ya Watakatifu Wote ilikuwa ya mwenzangu anayefundisha darasa la kwanza upande wa shule ya msingi, mjane, nyumba yake iko chini kabisa kwenye mteremko. Nilimngoja wakati wa mapumziko, nikamweleza kila kitu kama ninavyokueleza wewe, hata habari za mfumo mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akila muhogo wake. Kisha akaniambia kwamba pesa ile ni ya mabati, na mabati ni ya upande wanapolala watoto.

"Masomo ni muzuri," alisema. "Lakini mvua haisomake, madamu."

Alinigawia kipande cha muhogo, tukamaliza mapumziko pamoja.

Nikamgeukia mjomba, kaka wa mama, anayelima mpunga Sange, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Huyo tunamwita tonton, mzee kwa kijana. Kwenye simu alilalamika kwanza kuhusu barabara, halafu kuhusu maji, halafu kuhusu ndege wanaokula mpunga. Mpunga ulikuwa bado shambani. Akivuna angenitumia gunia nikauze. Lakini mavuno yalikuwa mbali na Watakatifu Wote. Nilipokuwa nataka kuaga, akasema kama mtu anayekumbuka alipoacha kofia:

"Na ile ngombe ya papa yako kule Mudaka? Hakuna mutu anaiuliza?"

Nilikuwa nimeisahau. Baba, kabla sijazaliwa, alimpa rafiki yake wa kijiji cha Mudaka ng'ombe jike. Kwetu hilo ni jambo kubwa, tunaliita bugabo. Rafiki anamtunza ng'ombe, anakunywa maziwa yake, anapata mbolea ya migomba. Na siku moja, ndama mmoja jike anarudi kwa aliyetoa. Hakuna karatasi. Hakuna aliyewahi kuandika. Nilipokuwa mdogo, mzee yule alikuwa anafika nyumbani Noeli na kibuyu cha maziwa ya mgando, anakaa na baba mpaka jua linapinda. Baada ya mazishi alifika mara moja, halafu maisha yakatutawanya.

Moyo wangu ulipata nguvu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya ndama, si unaona? Ng'ombe mmoja, miaka yote hiyo. Nikatafuta namba ya simu kwa msichana mmoja wa kwaya anayetoka Mudaka, nikapiga siku ileile, nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa shule, kengele inakaribia kulia. Mkwe wa mzee alipokea, akampelekea simu shambani. Nilimsikia akihema.

Nikamsalimia haraka. Nikamwambia mimi ni mtoto wa fulani, niko natafuta pesa ya masomo, na ile ng'ombe ya papa ingefika bei gani sasa.

Nilisikia jembe likiwekwa chini.

"Mutoto ya ule mutu," akasema, "anajua njia ya hapa."

Akakata.

Jioni nilimsimulia mama, ambaye siku hizi tunaishi naye. Alikuwa anachambua maharage. Aliacha mikono yake ndani ya ungo, akanitazama kama vile nimemwambia nimeuza mlango wa nyumba.

"Ulipigia ngombe simu?"

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Kwa wiki nzima, kila simu ilipolia alikuwa ananiambia nipokee, labda ni ng'ombe. Lakini mama hakucheka. Alinieleza, na nadhani hapo ndipo nilipopata uvumilivu wangu wa kueleza, kwamba ng'ombe wa bugabo haulizwi bei. Anayeuliza bei anasema: urafiki umekwisha, tugawane vitu. Baba hakumpa yule mzee ng'ombe ili apate ndama. Alimpa ili wawe na sababu ya kutembeleana. Na mimi, kwa sauti ya mwalimu anayewahi kengele, nilikuwa nimemwambia mzee wa watu kwamba sababu hiyo imekwisha. Nilikuwa nimevunja kwa dakika moja kitu ambacho hata vita havikukivunja.

Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kutengeneza, na siku ya Watakatifu Wote ilikuwa inasogea.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, mama na mimi. Mama alinunua kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, iliyoiva vizuri. Njiani alinipa masharti: nisiseme neno ng'ombe. Nisiseme neno pesa. Nisimwombe hata msamaha, maana kumwomba msamaha ni kumlazimisha kusema kwamba alikasirika. Nikauliza sasa nitasema nini. Mama akasema nitasema habari za nyumbani, kama mtu.

Mzee alikuwa amezeeka kuliko nilivyofikiri. Alitupokea mlangoni, akampa mama kiti chenye mgongo na mimi kigoda. Kasiksi ilionjwa, ikasifiwa. Mama alisimulia nani amekufa, nani ameolewa, nani amehama. Mzee aliitikia kwa koo. Mimi hakuniangalia. Nilikuwa na usingizi wa wiki nzima, nyuma ya nyumba nilisikia ng'ombe akitafuna, na ilinibidi nitazame ukuta ili nisitazame huko.

Kisha mzee akamwambia mama kwamba migomba yake inakufa. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukizikata ndani zimeoza. Alisema labda ni jicho la jirani. Mama akanigeukia: mutoto huyu si anafundisha habari za mimea?

Nilitoka naye kwenda shambani. Niliujua ule ugonjwa, tunaufundisha darasani, mnyauko wa migomba. Nilimweleza polepole kwamba nyuki wanaubeba kutoka kwenye ua lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na panga linaubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Nilimwonyesha jinsi ya kuvunja ua kwa kijiti chenye panda, bila kulikata, na jinsi ya kupitisha panga kwenye moto kabla ya kwenda mgomba mwingine. Migomba iliyokwisha kuugua ing'olewe yote. Hilo halikumpendeza. Alibishana nami kuhusu mgomba mmoja, akasema huo alipanda siku ya ndoa yake, na tuliuzunguka mara kadhaa kama watu wanaonunua gari. Mwishoni tuliuacha kwanza. Sikuwa na nguvu ya kushinda mabishano yote.

Tuliporudi tulipita karibu na zizi. Alisimama. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba ng'ombe wa baba alikwenda na watu wenye bunduki, zamani, pamoja na ng'ombe wa kijiji chote. Yeye mzee alikuwa amemficha ndama mmoja wa ng'ombe huyo kwenye korongo, akimfunga mdomo kwa kitambaa asilie. Huyu tuliyekuwa tunamtazama, mweusi mwenye doa kwenye paji, alikuwa mjukuu wa huyo ndama. Ana mimba, akasema.

Nikamwangalia yule ng'ombe. Mle tumboni mwake mlikuwa na kipande cha kwanza cha minervali, na labda cha pili. Nilifungua mdomo, nikakumbuka masharti ya mama, nikasema tu kwamba ni mzuri.

"Ni muzuri," mzee akakubali. Basi.

Tuliagana. Nilirudi nyumbani na mkungu wa ndizi bila pesa yoyote, na nikalala na viatu. Jumapili iliyofuata nilirudi peke yangu, si kwa hesabu yoyote. Nilikuwa nimemwahidi kuangalia kama watu wa nyumba yake wanavunja maua vizuri. Walikuwa wanayakata kwa panga. Nikaeleza tena tangu mwanzo. Mzee alikaa kwenye kigoda akicheka wanawe watu wazima wanafundishwa kama darasa la kwanza. Wakati wa kuondoka aliniuliza masomo yenyewe ni ya nini. Nikamweleza sambaza. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo unataka kujua kama ziwa inachoka."

Sijawahi kupata mtu aliyelisema vizuri kuliko hapo. Nikasema ndiyo, muzee, ni hilo. Akaniuliza ni lini chuo kinafunga mlango. Nikamwambia. Akainuka kunisindikiza mpaka barabarani.

Wiki ya mwisho nilikuwa nimekwisha kukata tamaa kwa utulivu. Nilijiambia nitarudisha diploma juu ya kabati, mabati ya mwenzangu yamefungwa, angalau mtu mmoja amepata kitu. Nilikuwa uani nafua nguo mzee alipoingia na kijana wake wa kwanza, amevaa koti la misa. Alikuwa ameuza ndama dume wawili na mbuzi. Pesa ilikuwa kwenye kitambaa cha mezani, kimefungwa fundo. Hakunipa mimi. Alimpa mama, mama akampa mume wangu, mume wangu akanipa, kwa sababu kitu kama hicho hakipiti njia fupi. Pesa ilitosha kipande cha kwanza.

Niliuliza, kwa sauti ndogo sana sasa, kama hiyo ina maana ng'ombe mweusi ndiye atarudi kwetu akishazaa, tufunge hesabu.

Mzee alimtazama mama, kana kwamba mimi nimesomea kitu kingine kabisa.

"Masomo itaisha," alisema. "Ngombe ibaki kule. Mukiichukua, tutakuwa tunakuja hapa kufanya nini?"

Kwa hiyo nilielewa, nikiwa na povu la sabuni mikononi. Siku ile kwenye uwanja wa shule nilidhani ninadai deni, kumbe sasa mzee alikuwa amelipa ili ng'ombe asirudi na deni lisifungwe. Alilipa ili njia ya Mudaka hadi kwetu ibaki na watu.

Apariteri alipokea kipande cha kwanza siku mbili kabla ya mlango kujifunga. Aliniambia vizuri, madamu, akarudi kwenye chai yake. Kipande kilichofuata kilitoka kwenye likelemba baada ya Pasaka, kingine kilitoka kwenye mpunga wa Sange, ambao tonton aliutuma na malalamiko yake yote. Sasa niko mwaka wa pili wa lisansi. Sijamaliza. Asubuhi nafundisha, mchana napanda chuoni, na nikirudi naweka miguu kwenye beseni ya maji ya chumvi wakati watoto wananisomea masomo yao. Kuna siku ninauliza kwa nini sikuridhika na chaki. Halafu mama anapika sambaza, na mimi namgeuza mmoja nimwangalie mkia. Na kila mwezi, Jumapili moja, mume wangu na mimi tunabeba kidumu kwenda Mudaka. Ng'ombe mweusi alizaa jike. Mgomba wa ndoa, usiniulize kwa elimu gani, bado umesimama.

Sijui familia yako ilimpa nani nini, wala kama ni ng'ombe, shamba au kitanda cha kulala wakati wa vita. Lakini kila familia ya hapa ina kitu kama hicho mahali fulani, na wewe uliyesimama katikati ndiye utakayekihitaji. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwanza kwa apariteri umuulize mambo mawili: kwa diploma yako unaingia mwaka gani, na kipande cha kwanza kinaingia mwisho lini. Ukirudi, muulize mama yako au mkubwa wa nyumbani ni nani alikuwa rafiki wa kweli wa baba yako. Jumapili nunua kidumu, zima simu, uende kumsalimia.